Kwa nini tunalalamika kila siku na mtaa haubadiliki: polisi, viongozi wa mji na wakazi, nani anashika nini

Mikutano ya wakazi na polisi nimekaa mingi mpaka naweza kukuhadithia unaofuata kabla haujaanza. Watu wanakuja na hasira za miezi sita, wa kwanza anasimama anasema usalama hakuna, wa pili anasema vijana wameharibika, wa tatu anauliza doria ziko wapi, alafu mkuu wa kituo anainuka anaomba ushirikiano na taarifa, kiongozi wa mji anasema amesikia na atalifikisha panapohusika, makofi kidogo, picha ya pamoja, watu wanarudi nyumbani kwa njia ileile yenye giza. Miezi mitatu baadaye mkutano mwingine, maneno yaleyale, ila waliokuja ni nusu ya wale wa kwanza.

Wengi wakifika hapo wanamaliza kwa kusema polisi hawajali na viongozi ni waongo. Wapo wa hivo, sibishi. Lakini nimeona pia askari mwenye nia kabisa, na diwani anayepokea simu saa tano usiku, na bado mtaa ukabaki vilevile, kwa hiyo nikaanza kujiuliza shida hasa iko wapi. Nilichokuta ni kwamba hizi pande tatu zinaongelea vitu vitatu tofauti huku zote zikidhani ni kimoja. Ngoja nikifungue taratibu.

Sikiliza mkazi anavyoongea, anasema "hapa hali mbaya". Hali, yaani kitu kinachoendelea, kipo jana kipo leo, kinamfanya mtu abadilishe njia ya kurudi kazini na kumkataza mtoto kutoka jioni. Polisi kazi yao imejengwa juu ya tukio: kitu kimetokea, saa fulani, kwa mtu fulani, kinapewa namba, linafunguliwa jalada, siku moja jalada linafungwa. Na mji unashika kazi: taa ya kubadilisha, mtaro wa kuzibua, kiwanja cha kufyeka, kila kazi na idara yake na bajeti yake na foleni yake. Sasa wewe unaleta "hali" mbele ya watu wanaoshika matukio na kazi. Wanakusikiliza, pengine hata wanakuonea huruma, ila hawana pa kuiweka, maana hamna fomu yoyote ofisini kwao yenye nafasi ya kuandika hali.

Hili jambo lilisemwa vizuri mwaka 1979 na Herman Goldstein, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Marekani. Alisema polisi wamezama kwenye namna ya kufanya kazi, yaani magari mangapi, dakika ngapi mpaka kufika, mafunzo gani, wakasahau kuuliza kama lile tatizo lenyewe lililowaita linapungua. Unaitwa sehemu moja mara arobaini kwa mwaka, unawahi mara zote arobaini, kwenye ripoti yako umefanya kazi nzuri sana, na anayeishi pale maisha yake hayajabadilika hata kidogo. Goldstein akataka polisi waanze kushika tatizo lenyewe, kwa sababu matukio mengi ni matawi ya mti mmoja.

Miaka kumi baadaye, 1989, Lawrence Sherman na wenzake wakatoa hesabu za mji wa Minneapolis. Walichukua simu zilizopigwa polisi kwa mwaka mzima, zaidi ya 320,000, wakaangalia kila moja ilihusu anwani ipi. Nusu ya simu zote zilitoka kwenye asilimia 3.3 tu ya anwani. Hebu kaa na hiyo namba kidogo. Ukiwa na milango mia moja, ni kama mitatu hivi ndo inabeba nusu ya kazi yote, na iliyobaki mingi inaishi maisha yake kimya. Kwa hiyo mtu akikuambia "eneo lote hili limeoza", karibu kila mara sio kweli, kuna kona, kuna jengo, kuna kipande cha barabara, na saa zake, ndo vinavyofanya eneo lote lionekane limeoza. Kwangu hii ni habari njema sana, maana eneo zima hamliwezi lakini kona mnaiweza.

Alafu kuna imani moja ngumu sana kuing'oa, kwamba dawa ni doria, gari la polisi lipite pite basi mambo yatatulia. Kansas City walijaribu hilo kwa makusudi kuanzia Oktoba 1972 mpaka Septemba 1973. Walichukua maeneo 15 wakayagawa makundi matatu, kundi moja wakaondoa kabisa doria za kawaida, polisi wanaingia tu wakiitwa, kundi la pili wakaongeza magari mara mbili mpaka mara tatu, la tatu wakaliacha kama lilivyokuwa. Mwaka ukaisha, wakalinganisha uhalifu, wakawauliza watu hofu yao ikoje, na hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi yote matatu, na wakazi wengi hata hawakugundua kwamba kuna kitu kimebadilishwa. Sasa usije ukaelewa kwamba polisi hawana faida. Kiangazi cha 2009 kule Philadelphia walichukua sehemu 60 zilizoongoza kwa vurugu, ndogondogo, wakaweka askari wa miguu, na baada ya wiki 12 vurugu zikawa zimeshuka kwa asilimia 23 ukilinganisha na sehemu zinazofanana nazo ambazo hazikuwekewa. Polisi walewale, ila safari hii wamesimama pale hasa penye tatizo, kwa miguu, wakati wake. Kwa hiyo mkiomba "doria ziongezwe" mmeomba kitu kisicho na umbo, watawapa gari lipite mara mbili na wote mtaridhika kwa wiki moja.

Nikupe cha kwetu sasa, maana hapo ndo mimi mwenyewe nilielewa. Tulikuwa na uchochoro mmoja unaokata kutoka kituo cha basi kwenda kwenye nyumba, na ndani ya wiki tano simu nne zilikwapuliwa mle. Tukalia, doria ikaja siku tatu usiku, hawakukuta mtu, wakaondoka, wiki iliyofuata ikakwapuliwa ya tano. Watu wakaanza kusema polisi wanawajua hao vibaka. Kuna mzee mmoja jirani yetu, mstaafu, mtu wa maneno machache, yeye akaanza kupita kwa walioibiwa na daftari la mistari la wanafunzi, anauliza maswali manne tu: siku gani, saa ngapi, ulikuwa unatoka wapi, na yule alikimbilia wapi. Wote watano walikuwa wanatoka kituoni, wote kati ya saa moja na saa tatu usiku, wote kwenye kona ileile, na wanne kati ya watano walisema mwizi hakukimbia mbele wala nyuma, alipotelea ukutani.

Jioni moja saa mbili akanichukua tukasimama pale. Mimi siku zote nilikuwa nasema pale hakuna taa. Taa ipo, na inawaka! Ila kuna mti umekua mpaka tawi likaipakata ile taa, mwanga wote unaishia kwenye majani, ukiinua kichwa unaona kijani kinang'aa kama mchana, ukinyoosha mkono mbele yako vidole huvioni vizuri. Na kwenye ukuta, usawa wa goti, matofali manne yametolewa, tundu la kupita mtu mwembamba, upande wa pili kiwanja kitupu chenye majani marefu.

Tulipofuatilia tukajua kitu kilichoniuma sana, kwamba ripoti ya taa ilishapelekwa mara mbili mwaka ule, na mara zote mbili ilifungwa ikaandikwa kazi imekamilika. Mafundi walikuja mchana, wakaijaribu ile taa, ikawaka, wakaondoka. Hawakudanganya, waliulizwa kuhusu taa na taa ni nzima. Tawi ni la idara inayoshughulika na miti na bustani, ofisi nyingine jengo lingine. Ukuta ni wa mtu binafsi ambaye haishi pale, wakazi hawana mamlaka ya kumlazimisha, mji ndo unaweza kumwandikia. Na polisi, ambao tuliwatupia lawama zote, hawakuwa na msumeno wala matofali. Kesi moja ya simu, mikono minne tofauti, na sisi tulikuwa tunaupigia kelele mkono mmoja tu.

Tulichofanya ni kuandika karatasi moja, nusu ukurasa. Tukaacha kusema hali mbaya. Tukaandika: uchochoro fulani, nguzo namba fulani (namba imepakwa rangi kwenye nguzo, nenda kaangalie ya kwenu), kati ya saa moja na saa tatu usiku, matukio matano kwa wiki sita na tarehe zake, taa nzima lakini tawi limeifunika, tundu ukutani linatumika kutorokea, tunaomba tawi likatwe, tunaomba mwenye ukuta aandikiwe azibe, tunaomba mpaka hapo askari wa miguu asimame pale saa moja hadi saa tatu, na tunaomba kila ofisi itupe tarehe. Na picha mbili, ya mchana na ya usiku. Askari wa kituo chetu tuliyempelekea alipoisoma akasema hii naweza kuifanyia kazi, akaipitisha kwa mji kupitia ofisi yake, na nikuambie ukweli, ombi la miti lililotoka kwa polisi lilitembea kwa kasi ambayo letu halikuwahi kutembea.

Hiyo njia inajulikana duniani wala hatukuigundua sisi. Mwaka 1987 watafiti wawili, John Eck na William Spelman, waliandika jinsi polisi wa Newport News, jimbo la Virginia, walivyoanza kufanya kazi kwa hatua nne: lione tatizo, lichambue, lishughulikie, alafu rudi upime kama limepungua. Kisa chao kinachotajwa sana ni cha nyumba za kupangisha za New Briarfield, ambazo zilikuwa zinaongoza mji mzima kwa wizi wa kuvunja. Zilijengwa kama makazi ya muda wakati wa vita kuu ya pili, zikabaki hapo miongo minne. Polisi walikuwa wanakamata wezi na wengine wanakuja. Safari hii wakaenda mlango kwa mlango kuwauliza wapangaji, na wapangaji wakawaambia wizi na ubovu wa nyumba ni kitu kimoja, milango inasukumwa inafunguka, madirisha hayafungi, na nyumba nyingi ni tupu kwa hiyo mtu anakaa ndani anasubiri. Askari aliyeshika kesi akazikusanya idara za mji, za moto, za majengo, za usafi, wakaanza kusafisha na kuziba na kutengeneza kidogokidogo wakati mji unapanga kuwahamisha watu. Wizi wa kuvunja ukashuka kwa asilimia 35. Angalia aliyejua chanzo ni nani: mpangaji. Alikuwa anakijua muda wote, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa namna inayoweza kuandikwa.

Kwa wanaodhani mambo ya taa na majani ni madogo mno mbele ya uhalifu, New York mwaka 2016 waliweka taa kali kwenye baadhi ya makazi ya umma kwa kuchagua kwa bahati nasibu, uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukashuka angalau asilimia 36. Philadelphia walichukua viwanja vitupu 541, vingine wakavisafisha, wakapanda nyasi na miti michache, wakaweka uzio mfupi wa mbao, na kwenye maeneo ya watu maskini zaidi matukio ya bunduki karibu na viwanja hivyo yakapungua kwa asilimia 29, matokeo yakachapishwa 2018. Kukata majani! Ndo maana nasema kiongozi wa mji asikubali kukaa kwenye mkutano wa usalama kama mgeni rasmi, saa ingine yeye ndo ameshika dawa kuliko aliyevaa sare.

Sasa turudi kwenye mikutano, maana hata hiyo ina ufundi wake. Chicago mwaka 1993 walianza mpango wa polisi kukutana na wakazi kwenye wilaya tano, baadae ukaenea mji mzima, mji ukiwa umegawanywa vipande 279 na kila kipande kina askari wake na mkutano wake, kwa kawaida kila mwezi. Mambo mawili walifanya ambayo naona ndo uti wa mgongo. Moja, askari walewale walibaki kwenye kipande kilekile, kwa hiyo mkazi anamjua anayeongea naye na askari hawezi kusema mimi mgeni hapa. Pili, walitengeneza fomu ambayo askari anaijaza kuomba huduma ya mji, gari lililotelekezwa livutwe, jengo bovu lifungwe, na maombi hayo yakapewa kipaumbele. Yaani ule ukuta kati ya polisi na idara za mji ulitobolewa rasmi, haukutegemea nani anafahamiana na nani.

Ila Wesley Skogan, mtafiti aliyeufuatilia mpango huo miaka mingi, aliona pia nani haji. Waliojaa vitini zaidi walikuwa watu wazima, wenye nyumba zao, wenye kisomo, wakati jamii za wahamiaji wa Amerika ya Kusini, ambazo mitaa yao mingine ilikuwa na shida kubwa zaidi, zilijitokeza kidogo. Hili linanigusa kwa sababu nimeliona kwa macho, mkutano unafanyika saa kumi jioni siku ya kazi, anakuja nani? Mpangaji yuko kazini, kijana anayesemwa mkutano mzima hakualikwa, mama mwenye mtoto mchanga hana pa kumwacha, na mwenye nyumba kubwa anainuka kusema shida yetu kuu hapa ni vijana wanaokaa pale kijiweni. Na inaandikwa hivo, shida kuu ya wakazi. Kama mnataka ushirikiano wa kweli basi pangeni mara moja jioni mara moja Jumapili, mtu apite kukusanya maneno ya wasioweza kuja, na wale vijana waiteni wenyewe waulizwe, mara nyingi wao ndo wanajua gari gani geni linasimama wapi saa ngapi.

Hapa naomba niongee kwa uzito kidogo. Ulinzi shirikishi una upande unaotisha na watu wanaukwepa. Mkazi kazi yake ni kuona, kuandika, kuripoti na kufuatilia, kukamata na kupiga sio yake. Februari 26 mwaka 2012, mji wa Sanford jimbo la Florida, mtu aliyejitolea kwenye ulinzi wa jirani alimwona kijana wa miaka 17, Trayvon Martin, anatembea, akamshuku, akapiga simu polisi, aliyepokea simu akamwambia hakuna haja ya kumfuata, na dakika chache baadae Trayvon alikuwa amekufa kwa risasi. Hakuwa na silaha, alikuwa anarudi mahali alipofikia na baba yake. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachia huru aliyempiga risasi, lakini kijana ndo hakurudi. Kila nikikuta kwenye grupu la mtaa mtu ameweka picha ya kijana na kuandika "huyu mnamjua? simwelewi" moyo wangu unashtuka, kwa sababu najua hatua mbili tatu kutoka hapo ni nini. Kinachoripotiwa ni tendo. Anajaribu vitasa vya magari, hilo ni tendo. Anaruka ukuta saa nane usiku, tendo. Mavazi yake, kabila lake, kwamba hajulikani, hayo sio matendo, na askari mzuri akipigiwa simu ya namna hiyo anatakiwa kuuliza amefanya nini?

Upande wa pili wa hatari ni kwa anayetoa taarifa. Watu wanalaumiwa eti hawatoi ushirikiano, lakini hebu fikiria, umepiga simu kuhusu nyumba fulani, dakika ishirini baadae gari la polisi linasimama mlangoni kwako kwanza, askari anashuka anauliza kwa sauti "ni wewe uliyepiga?" Mtaa mzima umesikia. Huyo hatapiga tena maisha yake, na jirani zake waliochungulia dirishani nao hawatapiga. Askari anayejua kazi anampigia simu mtoa taarifa, hamfuati mlangoni, na baada ya siku kadhaa anamrudishia jibu, hata kama jibu ni kwamba hatukukuta kitu. Hilo la kurudisha jibu linadharauliwa mno. Tom Tyler, mwanasaikolojia ambaye ameandika miaka mingi kuhusu kwa nini watu wanatii sheria, anaonyesha kwamba watu wanapima sana walivyotendewa, kama walisikilizwa, kama walielezwa sababu, kama waliheshimiwa, na mara nyingi hilo lina uzito kwao kuliko hata kama matokeo yalikuwa upande wao. Mimi naliamini kabisa, maana nimeona mtu amekosa alichoomba na bado mkutano uliofuata akaja kwa sababu alipigiwa simu akaelezwa kwa nini.

Na wakazi wenyewe kwa wenyewe je? Kuna utafiti mkubwa wa Chicago, Robert Sampson na wenzake, ulitoka 1997, waliongea na watu 8,782 kwenye maeneo 343. Waliwauliza vitu vya kawaida kabisa, majirani zako wangefanya kitu kama wangeona watoto wametoroka shule wanazurura kona, kama kituo cha zimamoto cha karibu kingetaka kufungwa kwa kukosa bajeti, na je watu wa hapa wanaaminiana? Maeneo ambayo watu waliaminiana na kutegemeana wachukue hatua yalikuwa na vurugu kidogo, hata baada ya kuhesabu umaskini na mengine. Tena haikuhitaji muwe marafiki wa kualikana. Inatosha ujue kwamba ukisema neno, jirani hatakuacha umesimama peke yako. Angalia hilo swali la zimamoto pia, ni swali la viongozi wa mji. Mtaa unaoweza kumwambia mtoto arudi shule ni uleule unaoweza kumfuata diwani ofisini na kumuuliza bajeti ya taa imeenda wapi.

Kuna swali linakuja kila mkutano, mkiziba hapa si watahamia mtaa wa pili? Inatokea, lakini sio kama watu wanavyodhani. Jersey City walilipima hili kwa makusudi kwenye sehemu mbili, moja ya ukahaba na moja ya dawa za kulevya na vurugu, wakaangalia vizuri mitaa ya jirani, na badala ya kuharibika hiyo jirani ilielekea kupata nafuu pia. Sababu ukiifikiria inaeleweka, kibaka anachagua kona kwa sababu ina giza, ina pa kutorokea na ina watu wanaopita, na kona zenye vyote vitatu haziko kila mahali. Lakini msilale, ongeeni na wa mtaa wa pili muwape daftari na wao.

Kwenye kufuatilia ndo pagumu kuliko kote na sina njia ya mkato. Kazi ya mji ina namba, ishike hiyo namba. Miji mingi siku hizi ina namba moja ya simu ya huduma isiyo ya dharura, Baltimore walianzisha yao 1996 kwa ajili ya polisi kwanza, ili ile ya dharura isizibwe na habari za kelele na magari yaliyotelekezwa. Kama kwenu ipo itumie, lakini usidhani kupiga ndo kumaliza, maana kama nilivyosema hata "imekamilika" inaweza kuandikwa juu ya kona yenye giza. Nenda kasimame pale usiku uone mwenyewe. Na mpeni kila mtu kazi yake ndogo, mmoja anafuata miti, mwingine anafuata ukuta, mwingine anampigia askari kila Ijumaa, maana kazi ikibaki kwa mtu mmoja anachoka mwezi wa tatu, na mwezi wa nne akiumwa kila kitu kinakufa.

Ule uchochoro wetu tawi lilikatwa wiki ya saba tangu tupeleke karatasi. Tundu lilizibwa baadae sana, baada ya barua mbili, na yule mzee alikuwa anapita kulihesabia matofali. Hakuna simu nyingine iliyoandikwa kwenye daftari mpaka msimu wa mvua ulipopita. Juzi nimepita pale saa mbili usiku, majani yameshaanza kurudi, bado hayajaifikia taa lakini kivuli chake kimeshagusa kona ya ukuta. Nimempigia mzee, akaniambia ameshaandika tarehe na namba ya nguzo, na kwamba zamu ya kwenda ofisi ya miti safari hii ni yangu.